Nyama ya Section 58 haitaki mtu mwenye haraka

Kabla ya kuagiza, tazama mhuri. Upo kwenye paja la mbuzi anayening'inia nyuma ya kioo cha bucha, wa wino wa buluu unaokaribia zambarau, mara nyingine umefifia upande mmoja kwa sababu utando wa mafuta ulikuwa bado na unyevu ulipogongwa. Mkaguzi wa nyama aliuweka kule machinjioni, baada ya kulipasua ini, kuyapapasa mapafu na kuzikata tezi akitafuta minyoo, majipu na dalili za kifua kikuu. Kazi yake inatokana na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356 ya Sheria za Kenya, na nyama isiyo na mhuri haina ruhusa ya kuwa pale. Wateja wengi wanaoingia mikahawa ya nyama mtaani Section 58 siku ya Jumamosi huupita wakaenda moja kwa moja kunawa mikono. Ningependa wasimame pale dakika moja, kwa sababu mlo unaanzia hapo.

Section 58 iko upande wa mashariki wa Nakuru, ukitoka katikati ya mji kuelekea Lanet. Ni mtaa wa watu wa kipato cha kati: walimu, wafanyakazi wa kaunti, wahasibu, wafanyabiashara, wastaafu. Nyumba za zamani zenye ua na miti sasa zinapakana na magorofa ya kupangisha yanayozidi kuota kadiri mji unavyopanuka. Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na mitaa kama hii ndiyo inayobeba ukuaji huo. Pamoja na magorofa zimekuja saluni, maduka ya vinywaji, sehemu za kuoshea magari, na mikahawa ya nyama. Hizi mbili za mwisho zimeshikana sana. Gari linaoshwa upande huu, mwenyewe anasubiri mbavu upande ule, na mara nyingi gari hukauka kabla ya mbavu kuiva.

Mpangilio wa mikahawa yenyewe haubadiliki sana. Mbele kuna bucha, pembeni kuna jiko la makaa, nyuma kuna meza chini ya paa la mabati au mwavuli mkubwa. Mteja hana haja ya menyu. Anakwenda kwenye kioo akaelekeza kidole: huo mkono, na mbavu za upande huu, shingo usiniwekee. Muuzaji, koti jeupe limemfika magotini, anakata, anaweka kwenye mizani, anataja uzito na bei. Hapo ndipo mteja anaamua nyama iende wapi. Wengi huichoma. Wenye kupenda mchuzi huagiza 'wet fry', nyama ikichemshwa kwanza kisha ikakaangwa na vitunguu, nyanya na dania. Wengine hutaka tumbukiza, chungu kimoja cha nyama, viazi na mboga vilivyochemka pamoja bila kukaangwa. Kikaratasi chenye namba ya meza kinachomekwa kwenye nyama, inaondoka kwenda jikoni, na tangu hapo hakuna wa kumharakisha mwingine.

Kusubiri huko hakupungui saa moja, na kwa mbuzi mzima wa kundi kubwa kunaweza kufika saa mbili na zaidi. Watu wa kutoka mbali hulalamika. Mimi nimekula sana mtaani humu, na ninaamini kwamba muda ule ndio ulinzi mkubwa wa mlaji. Anayeketi saa mbili anaona nyama yake ikitoka kwenye ndoano, ikipimwa, ikienda motoni, ikigeuzwa, ikirudi. Ana nafasi ya kuuliza imetoka wapi. Anayekula kwa dakika 15 anakula alichopewa.

Basi uliza. Muulize muuzaji mbuzi wa leo ametoka wapi. Mara nyingi jibu ni Baringo, na hutamkwa kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaja shule nzuri aliyosomea. Barabara ya kaskazini kutoka Nakuru hupita Mogotio ikashuka hadi Marigat, safari ya kama kilomita 100. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari; Marigat iko chini kwa mamia ya mita, na kadiri unavyoteremka joto linapanda, nyasi zinapungua, vichaka vya miiba vinashika nchi. Huko mbuzi hujitafutia mwenyewe. Husimama kwa miguu ya nyuma kuvuta majani ya mgunga, huokota maganda ya mbegu yaliyodondoka, hutembea mwendo mrefu kufuata maji. Misuli yake imefanya kazi na mafuta yake ni machache. Ndiyo maana ladha yake ni nzito, na ndiyo maana vilevile inataka moto wa polepole.

Karibu na Marigat kuna Kimalel, na mnada wa mbuzi wa Kimalel, unaofanyika Desemba Krismasi inapokaribia, unajulikana nchi nzima. Hata viongozi wa ngazi za juu hufika kununua. Siku za kawaida biashara huendeshwa na madalali wanaozunguka minada midogo ya wiki, wakinunua wawili hapa watano pale hadi lori lijae. Mlaji wa mjini hawaoni watu hawa, ingawa bei ya kilo yake inaanzia kwenye mapatano yao. Ukame wa tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ikikosekana katika maeneo mengi kame, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidiana na polisi dhidi ya wezi wa mifugo katika kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo ikiwemo. Mwenye bucha akikwambia mbuzi wamekuwa adimu au bei imepanda, huenda anakusimulia habari za mfugaji aliyelala macho akilinda zizi. Mpe nafasi amalize.

Kondoo ni habari nyingine. Molo, magharibi mwa Nakuru, kuna baridi na ukungu, nyasi ni nene na mwinuko unakaribia mita 2,500. Mifugo ya sufu iliyoletwa na walowezi ilistawi huko, na nyama ya mwanakondoo wa Molo ikapata jina hadi kwenye hoteli kubwa za Nairobi. Ni laini, ina mafuta, na huiva upesi kuliko ya mbuzi. Watu wa Section 58 wamegawanyika juu yake. Wapo wasioigusa kwa sababu ya harufu ya mafuta, na wapo wanaoipigia simu mapema wawekewe mguu. Kwenye ndoano, asiyejua hutofautisha wanyama hawa kwa mkia, ambao wachinjaji wengi huuacha makusudi: wa mbuzi ni mfupi na mwembamba, wa kondoo wa asili umejaa mafuta.

Ng'ombe wanaoliwa hapa hutoka pande nyingi. Wako zebu na chotara wanaovuka Mau kutoka Narok, wako wa aina ya Boran kutoka ranchi za Laikipia, na wako ng'ombe wa maziwa wa kaunti hii yenyewe waliozeeka, ambao nyama yao ni ya kuchemshwa kwa subira, wala mtu asikudanganye kwamba itachomeka. Lanet, jirani kabisa wa Section 58, ndiko iliko taasisi ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, inayotafiti ng'ombe wa nyama. Watu hupita lango lake wakienda Nairobi bila kujua kwamba maswali yanayoulizwa mle ndani ni yale yale ya mezani kwao: ng'ombe gani ananenepa kwa malisho yapi, na kwa muda gani.

Na ardhi hii ina historia yake na mifugo, historia ambayo huwa naifikiria ninaposubiri. Bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa Agosti 1904 uliwaondoa sehemu za karibu na reli, Nakuru na Naivasha zikiwemo, wakagawanywa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini; mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Mmoja wa viongozi wao, Parsaloi ole Gilisho, alikuwa nyuma ya kesi iliyofikishwa mahakamani mwaka 1913 kupinga uhamisho huo, nayo ikatupwa. Walowezi waliochukua nafasi yao walishangaa: nyasi zinapendeza, lakini ng'ombe wanakonda hadi kufa. Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kati yao, alipata hasara kubwa ya mifugo Njoro kabla ya kuelekeza nguvu kwenye ngano na kwenye ranchi yake ya Soysambu karibu na Elmenteita. Madaktari wa mifugo waliupa ugonjwa mmoja wa kukondesha jina la mji wetu, wakauita Nakuruitis. Baadaye ilibainika kwamba chanzo chake ni upungufu wa kobalti katika udongo huu uliotokana na majivu ya volkano. Vijidudu vilivyomo tumboni mwa ng'ombe vinahitaji kobalti kutengeneza vitamini B12; ikikosekana, mnyama hukonda huku amesimama kwenye nyasi tele. Mfugaji aliyekuwa akihamahama, akibadili malisho kwa majira na kupeleka mifugo kwenye udongo wa chumvi, hakumwacha mnyama wake mahali pamoja hadi afikie hali hiyo. Kuhama kwake kulikuwa na akili ndani yake, na waliomwondoa walichelewa kuiona.

Turudi motoni. Jiko la makaa liko pembeni ya meza, na mchomaji ndiye mtu muhimu kuliko wote katika mkahawa, ingawa ndiye anayelipwa salamu kuliko sifa. Wateja wa muda mrefu humwita mzee hata akiwa kijana. Kazi yake ya kwanza ni kutokuchoma: hutandaza makaa, husubiri ndimi za moto zife, husubiri makaa yavae majivu meupe. Ndipo anaweka nyama kwenye wavu, vipande vikubwa na mifupa yake, upande wa mfupa ukitangulia kutazama moto. Chumvi ndiyo kiungo pekee. Wengine huiyeyusha majini wakanyunyizia kidogo kidogo nyama inapoanza kutoa jasho la mafuta. Anayepaka vitunguu saumu, tangawizi na rangi nyekundu kabla ya kuchoma huenda ana nyama ambayo asingependa uionje ikiwa peke yake. Sisemi ni lazima iwe hivyo. Ninasema mbuzi mzuri wa Baringo haombi msaada huo.

Misuli iliyofanya kazi hushikwa na kolajeni, na kolajeni haikubali papara. Ikipigwa joto kali hujikaza na kukamua maji yote ya nyama. Ikipewa joto la wastani kwa muda mrefu hulegea ikawa rojo laini, ile inayofanya vidole vinate. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, mchomaji husogeza nyama pembeni bila kuambiwa. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi si ya kujivunia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama nyekundu, mwaka 2015, katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani, na nyama ya kusindikwa katika kundi la vile ambavyo ushahidi wake umetimia. Na moshi wa mafuta yanayoungua huongeza kemikali ambazo hakuna anayezihitaji mwilini. Kwa hiyo mchomaji anayejua kazi yake anailinda afya ya mteja kwa koleo lile lile analolindia ladha. Nyama yake hutoka na rangi ya kahawia iliyokolea, ukingo umekauka, ndani bado kuna maji. Kilo moja iliyopimwa mbichi itakuwa imepungua kwa robo hadi theluthi. Huo ni uzito wa maji na mafuta, wala hujaibiwa.

Makaa nayo yana safari yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, makaa yakapanda bei, na mikahawa mingi ikahangaika. Amri hiyo iliondolewa Julai 2023, lakini katikati ya kipindi hicho watu wa Nakuru walizidi kutegemea makaa ya mti wa mathenge kutoka Baringo. Mti huu uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ulikubali udongo kupita kiasi. Ulifunga malisho, ulizuia njia za maji, na maganda yake yenye sukari yaliozesha meno ya mbuzi. Wailchamus, wafugaji wa Baringo, walikwenda mahakamani kuishtaki serikali, na mwaka 2006 wakamleta mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Leo mti huo huo unakatwa, unafanywa makaa, unapandishwa kwenye lori hadi mjini. Kwenye jiko la Section 58 unaweza kukuta mbuzi wa Baringo akichomwa kwa mti uliowatesa mbuzi wa Baringo. Kila gunia la mathenge linalochomwa hapa ni kipande cha malisho kilichofunguliwa kule, mradi tu aliyekata ameng'oa na kisiki, maana kikiachwa huchipua upya.

Nyama ikiiva mchomaji haiharakishi mezani. Anaiweka kwenye ubao, anaiacha kidogo, ananoa kisu kwa mipigo miwili mitatu ya chuma kwa chuma. Kisha anakuja na ubao mwenyewe. Mkono wa kushoto unashika mfupa kwa kipande cha karatasi, wa kulia unakata: kwanza kando ya mfupa, nyama inaachia bila kuvutwa, halafu vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja kikiwa na mafuta yake kidogo. Kisu kinagonga ubao kwa mwendo usiobadilika. Mbavu anazitenganisha kwa kupenyeza ncha katikati, akigeuza kidogo, mfupa unalia. Mwisho anamimina chumvi kwenye kona ya ubao, kilima kidogo cheupe, na kando yake pilipili iliyopondwa. Mashine ya kazi hii haijatengenezwa. Mkono wa mtu ndio unaojua ni wapi kiungo kinaachia, na katika dakika hizo mbili meza nzima hunyamaza kumtazama.

Ugali huja moto, umefunikwa. Kachumbari huja baridi: nyanya, vitunguu vilivyooshwa kwa maji ya chumvi, dania, pilipili mbichi, ndimu ikipatikana. Mezani hapa utaona pia mukimo wa kijani, sukuma wiki, viazi vya kuchoma, na supu ya mifupa inayoletwa mapema kwenye vikombe ili tumbo lisikasirike. Jioni ikikaribia mutura hujitokeza, utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo, unaokatwa papo hapo na kuliwa kwa kusimama. Hakuna anayekula kwa uma. Nyama hii ni ya kushikwa, na ubao ni mmoja kwa wote, kwa hiyo kila mtu anaona mwenzake anachukua nini. Mtoto husogezewa ini. Mzee huachiwa kidari. Mwenye kulipa mara nyingi ndiye anayekula polepole kuliko wote.

Tangu lini mlo huu ukawa wa familia? Zamani mkahawa wa nyama ulikuwa wa wanaume, na mwanamke aliyeketi pale peke yake alitazamwa. Siku hizi Jumapili baada ya ibada utawakuta akina mama wa chama wakikusanya michango yao juu ya ubao wa kilo tatu, wasichana wanaosherehekea mwenzao kupata kazi, mabinti waliomtoa baba yao mstaafu. Wenye mikahawa wameona, wakaongeza bembea za watoto na vyoo safi. Haya ni mabadiliko mazuri na ningetamani yaende mbele: mwanamke mchomaji bado ni nadra mtaani, ilhali ndani jikoni wanawake ndio wanaosonga ugali, wanaopika supu na wanaoosha ubao usiku.

Wapo watakaosema nyama bora ya upande huu iko Kikopey, karibu na Gilgil, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Kikopey ni mahali pa heshima, na mbuzi wake amewafariji wasafiri wengi. Lakini ni nyama ya njiani. Mabasi yanasubiri, dereva anatazama saa, wapiga debe wa mikahawa wanavutana na wateja, na mchomaji huwa ameanza kuchoma kabla hujafika, kwa sababu msafiri hatasubiri. Unaletewa iliyo tayari. Nani aliichagua? Ilipimwa lini? Hurudi kesho kuuliza. Bucha ya mtaani haina bahati hiyo ya kukupoteza. Mwenye nayo anajua unapoishi, mwanawe anasoma na mwanao, na ukilalamika juu ya kilo pungufu, habari itakuwa imefika lango la tatu kabla ya jioni.

Hilo lilionekana wazi Julai 2019, wakati uchunguzi wa runinga ya NTV ulipofichua kwamba baadhi ya nyama ya madukani hutiwa kemikali ya jamii ya salfaiti ili ibaki nyekundu kwa siku nyingi. Nchi ilishtuka. Wateja walikimbia kaunta za kioo zenye taa nyekundu wakarudi kwenye bucha za mitaani, ambako nyama ya jana huonekana kuwa ya jana. Kabla ya hapo kulikuwa na hofu ya punda. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilivyosajiliwa vilifunguliwa Kenya, kikiwemo kimoja Mogotio na kingine Naivasha, pande zote mbili za Nakuru, kwa ajili ya ngozi na nyama ya kuuzwa China. Wizi wa punda ukaenea, minong'ono ya nyama yao kuingia sokoni ikaenea pamoja nao, na Februari 2020 serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Watu wa hapa walijifunza kutazama: urefu wa mbavu, rangi ya mafuta, mkia, mhuri. Ningechukia elimu hiyo ipotee kwa sababu tu hofu imepita.

Kuna jambo jingine ambalo meza hizi hufanya, na siwezi kuandika juu ya chakula cha pamoja Nakuru nikaliruka. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walikwenda kulala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walikimbiana. Ubao wa nyama haufuti hayo, na anayedai unafuta hajazungumza na waliofiwa. Lakini ninaposikia Kikuyu, Kalenjin, Dholuo na Kiswahili vikipishana juu ya ubao mmoja kwa saa tatu, bila watu kuulizana jina la pili, ninaona kwamba muda huo unafaa kulindwa. Kwenye machinjio mengi mchinjaji ni Mwislamu, ili kila mtu aweze kula, na jambo hilo hufanyika kimyakimya kila alfajiri bila kamati wala hotuba.

Muda huo wa kukaa mezani tuliwahi kunyang'anywa. Machi 26, 2021 Nakuru iliwekwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado katika kaunti tano zilizofungiwa kwa sababu ya Covid-19. Mikahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, hadi mwanzoni mwa Mei. Nyama ilifungwa kwenye karatasi ya fedha ikapelekwa majumbani kwa bodaboda. Ilifika imelainika kwa mvuke wake, mafuta yameanza kuganda, tayari imekatwa na mtu usiyemwona. Ilishibisha. Wachomaji wengi walipoteza kazi wiki hizo, na wenye mikahawa waliobaki wazi walifanya hivyo kwa hasara ili wasiwapoteze wateja wao. Milango ilipofunguliwa watu walirudi wakakaa mpaka giza.

Sasa nina ombi kwa wenye bucha wa Section 58. Kibao cha bei kiko tayari ukutani kwa kila mmoja wenu, kimeandikwa kwa chaki au kwa kalamu ya rangi: mbuzi, ng'ombe, kondoo, na bei ya kilo mbele yake. Ongezeni mistari miwili. Mnyama wa leo ametoka wapi, na amechinjwa lini. Mnayajua yote mawili, kwa sababu ninyi ndio mliompokea alipofika kwenye sanduku la bati nyuma ya pikipiki na kutia sahihi cheti chake. Haitagharimu zaidi ya chaki. Mfugaji wa Marigat ataanza kulipwa kwa jina la nchi yake, mwenye kuuza ng'ombe mzee kwa bei ya fahali atajulikana, na mteja anayesubiri mbavu zake zigeuzwe kwa mara ya mwisho atakuwa na kitu cha kusoma.